Saa za Karani: Ajira na Utunzi wa Hadithi katika Nyanda za Kati

Ukitoka Dodoma mjini kwa Reli ya Kati kuelekea magharibi utapita Zuzu, kata ambayo siku hizi hutajwa zaidi kwa kituo chake kikubwa cha kupozea umeme. Upande wa pili wa mji, mashariki, ipo Ihumwa, alikozaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917. Mashariki zaidi ni Mpwapwa, ambako Shaaban Robert alifanya kazi katika Idara ya Mifugo kati ya 1944 na 1946. Watunzi wawili wakubwa wa Kiswahili, basi, waliwahi kuishi Ugogo, nchi hii kame ya Wagogo, na wote wawili walikuwa makarani wa serikali.

Jambo hilo halijapewa uzito unaostahili. Uhakiki wetu ukitaka kujua kwa nini mtu aliandika, hukimbilia itikadi: ukoloni, utu, Ujamaa. Ni nadra kuuliza aliandika saa ngapi, baada ya kazi ipi, kwa mshahara wa nani. Makala haya yanadai kwamba ajira haikuwa kizuizi tu kwa mtunzi wa Kiswahili wa karne ya 20. Ndiyo iliyompa mazoea ya kalamu, watu wa kuwatazama na, mara nyingine, sababu yenyewe ya kuandika.

Mnyampala ni mfano ulio wazi zaidi. Alizaliwa Ugogo ikiwa inaingia katika Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920. Ukame ulikuwapo, lakini majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalikuwa pia yamechukua ng'ombe, nafaka na vijana wenye nguvu. Mwanahistoria Gregory Maddox anakadiria kwamba watu wapatao 30,000 walikufa kati ya 150,000. Mtoto aliyekulia miongoni mwa walionusurika alikulia katika masimulizi. Baadaye akawa karani, kisha liwali, kisha hakimu. Kazi hizo zilimweka mbele ya wazee, wadai na wadaiwa, watu waliolazimika kueleza mambo yao kwa mpangilio ili wasikilizwe. Haishangazi kwamba kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo kilitoka mwaka 1954, na kwamba mwaka 1961 alipochapisha kisa cha kubuni, mhusika aliyepewa nafasi katika jina la kitabu alikuwa mrina asali. Hakimu alikuwa amewasikia wengi wa aina hiyo.

Kwa Shaaban Robert ushahidi ni wa namna nyingine. Tangu 1926 hadi 1960 alikuwa mwajiriwa: forodhani, kwenye mifugo Mpwapwa, ofisi ya jimbo Tanga, hatimaye ofisi ya upimaji ardhi. Miaka thelathini na zaidi ya kuandika kwa ajili ya wengine mchana, na kwa ajili yake mwenyewe muda uliosalia. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, zilizochapishwa mwaka 2002, zinamwonyesha mtu wa familia na wa kazi, anayeishi kwa mshahara huku akihangaikia miswada yake. Na miswada ilisubiri: *Kufikirika* haikutoka ila miaka kadhaa baada ya kifo chake mwaka 1962. Mtu anayeandika bila kujua lini atachapishwa anahitaji sababu nzito kuliko malipo. Pia anahitaji mshahara unaotoka kwingine.

Mfano wa tatu unatoka Unguja. Muhammed Said Abdulla alikuwa mkaguzi wa afya kabla ya kuwa mhariri, na *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyomleta mpelelezi Bwana Msa, ilishinda shindano la uandishi la 1957/58. Mkaguzi wa afya huingia nyumba za watu, huangalia kisichotakiwa kuonekana, huuliza maswali yasiyopendwa. Ni vigumu kutoona mpelelezi hapo.

Wala si mtindo wa huku pekee. Anthony Trollope, mtumishi wa posta Uingereza, aliamka alfajiri na kujilazimisha, saa ikiwa mezani, kuandika maneno 250 kila robo saa kabla ya kwenda kazini.

Kuna pingamizi moja la haki: mwajiri huyo huyo anaweza kuikalia kalamu. Baada ya Azimio la Arusha, ngonjera za Mnyampala zilifundisha siasa ya nchi shuleni, na baadhi yake leo zinasomeka kama waraka. Hata hivyo mtu yule yule, akiwa ofisa, alikuwa amehifadhi habari za Wagogo ambazo hakuna ofisi iliyokuwa na haja nazo kwa kina kile.

Swali la ajira na utunzi limerudi Dodoma kwa nguvu tangu serikali ilipoanza kuhamia rasmi mwaka 2016 na kuleta maelfu ya watumishi. Atakayeandika riwaya akiishi Zuzu huenda ataiandika kwenye simu, ndani ya daladala, akirudi kutoka kwenye ofisi isiyojua habari za riwaya hiyo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2023, inampa pa kuupeleka muswada uliokamilika. Likizo ya kuukamilisha bado anaiomba kwa mkuu wake wa idara.