Jedwali Lililofichwa Ndani ya Gari

Leo nataka tuzungumze kuhusu namba. Si za bajeti wala za uchaguzi, hizo tumezizoea. Nazungumzia namba zilizolala ndani ya gari. Mwenye gari amezilipia lakini hakuna anayemwonyesha.

Kila gari la siku hizi lina kompyuta ndogo, ile ambayo mafundi wetu huiita kontroli boksi. Ndani yake kuna majedwali. Ndiyo, majedwali, ndugu wa lile la kuzidisha tulilokariri shule ya msingi. Pembeni, kushuka chini, kuna mizunguko ya injini kwa dakika: 1,000, 1,500, 2,000 na kuendelea. Juu, kwenda kulia, kuna mzigo, yaani injini imebebeshwa kazi kiasi gani. Pale mistari miwili inapokutana kuna kisanduku chenye namba moja. Namba hiyo inaiambia injini ipige cheche nyuzi ngapi kabla pistoni haijafika juu kabisa, au inyunyize mafuta kiasi gani. Injini ikiwa kwenye 1,750, kompyuta inachukua namba za visanduku vya jirani na kupiga hesabu ya katikati. Basi. Hakuna uchawi.

Kwa nini jedwali na si kanuni ya hesabu? Kwa sababu moto ndani ya silinda ni kitu kigumu kukitabiri kwa kanuni, na kompyuta za mwanzo zilikuwa na uwezo mdogo mno. Wahandisi waliona ni rahisi zaidi kuifunga injini kwenye benchi, kuiendesha katika kila hali wanayoweza kuifikiria, kisha kuandika majibu yaliyofaa. Gari likifika barabarani, majibu yapo tayari kabla ya mtihani. Lishike hilo neno mtihani, tutalihitaji baadaye.

Zamani kazi hii ilifanywa na vyuma. Ndani ya distributa kulikuwa na vizito na springi. Injini ikikimbia, vizito vinatanuka na cheche inawahi. Fundi mwenye bisibisi na sikio zuri aliweza kurekebisha taimingi uani kwake, na jirani akaona alichofanya. Lakini springi inajua mkunjo mmoja tu. Huwezi kuiambia: hapa wahi, hapa chelewa kidogo, hapa wahi tena.

Kilichoua springi hakikuwa mbio. Kilikuwa moshi wa Los Angeles. Mapema katika miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit wa chuo cha Caltech alionyesha kwamba ule ukungu uliowachoma watu macho ulitokana na moshi wa magari na viwanda ukipikwa na jua. Mwaka 1967 California ikaunda bodi yake ya hewa, na mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria ya kutaka moshi wa magari mapya upunguzwe kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Watengenezaji walilia kweli kweli. Walisema haiwezekani.

Ikawezekana. Suluhisho lilikuwa kile kifaa cha kwenye ekzosi ambacho mafundi huku wanakiita masega. Ila masega yale ya kusafisha sumu tatu kwa pamoja yana madeko: yanataka mchanganyiko wa karibu sana na kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Ukizidi au ukipungua kidogo, hayasafishi vizuri. Kabureta haiwezi kuheshimu miadi ya namna hiyo. Lazima awepo wa kupima na kuamua kila wakati, na huyo ni kompyuta.

Bosch wa Ujerumani walikuwa wameshaanza mwaka 1967 kunyunyiza mafuta kwa umeme katika Volkswagen 1600, lakini kile kilikuwa kisanduku cha transista bila kumbukumbu ya namba. Mwaka 1979 ndipo BMW 732i ilipotoka na mfumo wa Motronic, uliounganisha cheche na mafuta chini ya kompyuta moja ya kidijitali. Jedwali la cheche likichorwa kwenye karatasi linaonekana kama milima na mabonde. Kwa mtu aliyezoea mkunjo mmoja wa springi, hiyo ni nchi nzima mpya.

Na nchi mpya haikosi wavamizi. Namba zilihifadhiwa kwenye chipu ya kumbukumbu iliyoweza kuchomolewa. Katika miaka ya 1980 na 1990 vijana wa Ulaya, Marekani na Japani wakaanza kuzichomoa, kuzisoma kwa kompyuta, kubadilisha na kuzirudisha. Shida ni kwamba ndani ya chipu hakuna vichwa vya habari. Ni maelfu ya namba mfululizo, hakuna palipoandikwa hili jedwali la mafuta, lile la cheche. Ujanja ulikuwa kuzichora zote kama picha na kutafuta umbo. Ukiona kilima kinachopanda taratibu na kurudia kila baada ya namba 16, umelipata jedwali. Binafsi nauheshimu sana ufundi huu. Ni kama kusoma barua iliyoandikwa kwa lugha usiyoijua, ukaanza kwa kutambua sahihi.

Wanafanya nini wakishalipata? Mhandisi wa kiwandani huacha nafasi ya tahadhari, kwa sababu hajui gari litauzwa wapi na litatiwa petroli gani. Mrekebishaji anaila nafasi hiyo. Anawahisha cheche nyuzi mbili hapa, tatu pale, na kwenye gari lenye tabo anaongeza msukumo wa hewa. Nguvu inapanda. Akizidisha, injini inaanza kugonga, na ikigonga vya kutosha pistoni inatoboka. Ndiyo maana wenye busara hubadilisha visanduku vichache, wanapima, kisha wanalainisha vya jirani ili kusiwe na shimo ghafla katikati ya mlima.

Mwaka 2001 Wamarekani wawili, Bruce Bowling na Al Grippo, walileta MegaSquirt, kontroli boksi ya kujiunganishia mwenyewe nyumbani kwa chuma cha kulehemu. Jedwali lake la mafuta lilikuwa na visanduku 8 kwa 8. Sitini na vinne tu! Lakini vyote viko wazi mbele yako kwenye skrini, unabadilisha namba injini ikiunguruma. Kwangu mimi huo ndio wakati fundi wa bisibisi alipofufuka.

Sasa turudi kwenye mtihani.

Ulaya gari jipya lilikuwa likipimwa moshi maabara, magurudumu yakizunguka juu ya rola, kwa ratiba moja isiyobadilika: sekunde 1,180, kama kilomita 11, hapa ongeza mwendo, hapa simama. Kila mtu aliijua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walifunga vipimo kwenye magari ya dizeli na kuyaendesha barabarani, badala ya kuyaacha maabara. Volkswagen Jetta ilitoa oksidi za nitrojeni mara 15 hadi 35 ya kiwango kilichoruhusiwa. Tarehe 18 Septemba 2015 shirika la mazingira la Marekani, EPA, likatangaza mashtaka yake. Volkswagen ikakiri kwamba magari yapatayo milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo.

Udanganyifu ulikuwa unakaa wapi? Desemba mwaka huo, katika mkutano wa wadukuzi mjini Hamburg, Felix Domke alionyesha. Alikuwa ameichambua programu ya kontroli boksi ya Volkswagen, na ndani yake akakuta, ulishakisia, jedwali. Jozi za mikunjo ya umbali dhidi ya muda, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Gari likiendeshwa likabaki katikati ya mistari hiyo miwili, linajua liko kwenye mtihani na linasafisha moshi kwa bidii. Likitoka nje ya mistari, bidii inapungua. Ratiba iliyotoshea katikati ni ile ile ya Ulaya. Na sharti hilo lilipewa jina lililohusu sauti ya injini! Watafiti wa Bochum na San Diego walipochapisha uchambuzi wao mwaka 2017 walieleza kwamba baadaye hata kona ya usukani iliongezwa. Juu ya rola hakuna anayekata kona.

Hapa ndipo historia hii inaponikera. Julai 2015, miezi miwili kabla ya kashfa, wanasheria wa Marekani walikuwa wanabishana kama mwenye gari aruhusiwe kufungua programu ya gari lake bila kuvunja sheria ya hakimiliki. Watengenezaji walipinga. EPA nayo ilipinga, ikihofia watu watachezea namba na kuchafua hewa. Ruhusa ilitolewa hata hivyo, Oktoba 2015, moshi wa kashfa ukiwa bado unafuka.

Hofu ya EPA haikuwa ya bure, tuseme ukweli. Mwaka 2020 ilikadiria kwamba pikapu za dizeli zaidi ya 550,000 nchini humo zilikuwa zimeondolewa vidhibiti vya moshi katika muda wa miaka kumi hivi, na kazi hiyo haifanyiki bila kuandika upya majedwali. Hao wanachafua, tena kwa makusudi. Lakini kufuli ile ile iliyotakiwa kumzuia kijana mwenye kompyuta mpakato ndiyo iliyomficha mhandisi mwenye kampuni nzima nyuma yake. Januari 2017 Volkswagen ilikubali kukiri makosa Marekani na kulipa dola bilioni 4.3. Namba zilikuwa zimekaa ndani ya magari kwa miaka.

Nalifikiria hili kila ninapopita yadi za magari ya mitumba Dar es Salaam. Magari mengi pale yametoka Japani, na majedwali yake yaliandikwa kwa petroli ya Japani, baridi ya Japani na mtihani wa Japani. Njiani kwenda nyumbani unapishana na gereji ambako masega yanatolewa na bomba tupu linachomelewa mahali pake. Kontroli boksi inaendelea kulipimia hewa na mafuta kifaa ambacho hakipo tena, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi mpaka mtu aiwekee plasta.