Mita 40 Kutoka Gatini

Wasee wa Mombasa, mita 40 ni umbali gani? Haifiki hata nusu ya uwanja wa mpira. Basi ni umbali kama huo kutoka gatini ndipo MV Mtongwe ilipinduka, Ijumaa tarehe 29 Aprili 1994. Feri ya watu 300 ilikuwa imebeba kama 400. Waliokufa ni 272.

Wengi wetu hatukuwa tumezaliwa, na darasani sikuwahi kuisikia. Vasco da Gama nilikaririshwa mpaka leo naota 1498, lakini hii ya mlangoni kwetu, zii. Chuo niliacha, kusoma sijaacha.

Chenye hunisumbua ni ramani. Kambi ya Jeshi la Wanamaji iko hapo hapo Mtongwe. Bandari ya Kilindini iko ng'ambo tu. Yaani watu wanaojua bahari walikuwa karibu. Lakini jeshi liliwekwa pale kulinda nchi, na bandari ni ya mizigo. Kumngoja abiria aanguke majini haikuwa kazi ya yeyote kati yao. Na mtu anayezama hana saa nzima ya kungoja simu zipigwe, ana dakika chache.

Waingereza walishika hii kitu mapema. Sir William Hillary aliishi Douglas, kisiwa cha Isle of Man, na meli zilikuwa zinavunjika hapo nje akiona. Mwaka wa 1824 akaanzisha shirika ambalo leo linaitwa RNLI. Boti zao hukaa vijijini kando ya bahari, karibu na hatari yenyewe, na wengi wanaozitoa ni watu wa hapo waliojitolea. Wakiitwa, wanaacha kazi na kukimbia. Hilo wazo tuliibe tu. Wao walituibia mangapi?

Sisi 2006 tulipata kituo cha kuratibu uokoaji baharini, Mombasa. Poa, lakini kuratibu ni redio na simu, na eneo lake ni bahari nzima mpaka Seychelles. Novemba 2018 ikazinduliwa Huduma ya Walinzi wa Pwani. Hata mwaka haukuisha. Jumapili jioni, 29 Septemba 2019, gari likateleza kinyumenyume kutoka MV Harambee pale Likoni, mama na binti yake mdogo wakiwa ndani. Watu walisimama wakitazama likielea, kisha likazama. Lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha karibu mita 58.

Hiki ni kivuko cha watu karibu laki tatu kwa siku! Na Likoni imejaa vijana waliokulia majini, wengine ni wavuvi, wengine wanapiga mbizi bure tu, hawana kazi. Wafunzwe, walipwe, wapewe boti iliyofungwa gatini na injini yenye mafuta. Mwanasiasa akikuja kuwaahidi feri nyingine, mwulizeni hiyo boti itafungwa wapi, na usiku atakuwa nayo nani.