Samaki wa Mawe: Habari ya Jina na Mahali katika Ziwa Tanganyika

Mtu atokaye Sumbawanga na kuifuata njia ya Matai mpaka Kasanga, huuacha uwanda wa Ufipa wenye baridi na kushuka karibu mita 1,000, hata afike ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Hapo Kasanga ndipo Wajerumani walipojenga boma na kupaita Bismarckburg. Siku hizi jina la Kasanga hutajwa pia katika nyumba za Ulaya, wala si kwa ajili ya boma, bali kwa ajili ya samaki mdogo afugwaye katika tangi la kioo.

Wafugaji wa viumbe vya bahari husema kwamba matumbawe ya mawe ndiyo yenye taabu kubwa. Taabu yenyewe ni mbili: kutambua kiumbe ni kipi hasa, na kukitunza kisife. Ziwa letu halina matumbawe. Walakini taabu hizo mbili zimo, tena zina historia yake.

Historia hiyo ilianza kwa kosa la wataalamu. Mwaka 1883 Mjerumani Richard Böhm alimwona ziwani konyeza, mnyama mlaini aliye wa jamii moja na matumbawe. Watu wakauliza: kiumbe wa bahari amefikaje bara? Mwingereza J. E. S. Moore akaja kupeleleza mwaka 1896, akarudi tena 1899, na katika kitabu chake cha 1903 akadai kwamba ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale. W. A. Cunnington, aliyemfuata mwaka 1904, hakulikubali dai hilo. Leo twajua ya kuwa ziwa lilitokea ardhi ilipopasuka, yapata miaka milioni 9 hadi 12 iliyopita, wala halikuwa bahari kamwe.

Dai la Moore lilianguka, lakini samaki aliowakusanya walibaki. Mmoja wao G. A. Boulenger alimwita Tropheus moorii mwaka 1898, kwa kumheshimu Moore.

Samaki huyu hukaa penye mawe, akikwangua utando wa kijani uotao juu yake. Havuki mchanga mpana wala kilindi. Kwa hiyo kila ufuko wa mawe umekuwa kama kisiwa, na samaki wake wana rangi yao wenyewe. Biashara ya kuwapeleka ng'ambo ilipokua katika miaka ya 1970, jina la Kilatini halikutosha kuwatofautisha. Ikabidi kuongeza jina la mahali. Kuwatunza nako kuna masharti. Maji yawe na chokaa ya kutosha. Samaki huyu akishibishwa nyama, tumbo humvimba akafa. Akiwekwa pamoja na wa ufuko mwingine, huzaa machotara, na asili yao haitambulikani tena.

Basi jina la kijiji ni ushahidi. Mtu akiwamwaga samaki wa ufuko mmoja katika ufuko mwingine, huufuta ushahidi huo ziwani kwenyewe, na hakuna kitabu kiwezacho kuurudisha. Kadhalika miteremko ikikatwa miti, udongo hushuka na mvua ukayafunika mawe, na chakula cha samaki kikapotea. Tangi la Ulaya laweza kuhifadhi rangi ya samaki wa Kasanga. Mawe ya Kasanga yatahifadhiwa na wakaao juu yake, nao ni sisi.