Kabla ya Chapo, Kulikuwa na Mfungo

Uliza vijana kumi wa Nairobi wamejipanga vipi na Krisimasi, na majibu unayajua tayari. Nauli ya ocha imepanda. Nani ananunua mbuzi? Nywele zitasukwa lini? Tarehe 26 tunakutana wapi? Ukiuliza kuhusu kanisa, unaambiwa, "Si tutaenda siku yenyewe?"

Wasee, mimi sina shida na mbuzi, na chapo nazipenda kuwaliko. Shida yangu ni kwamba tumerithi sikukuu tukaacha matayarisho yake. Na ukifuatilia historia, utaona Wakristo walijitayarisha kwa wiki nyingi, tena kwa njaa.

Tuanze na tarehe. Biblia haisemi Yesu alizaliwa siku gani. Ushahidi wa zamani zaidi tulio nao wa kuadhimisha Desemba 25 unatoka Roma, mwaka wa 336. Mwaka wa 380, maaskofu walikutana Zaragoza, Hispania, wakapiga vita kikundi kilichokuwa kinajitenga na wenzao. Wakaweka sheria: kuanzia Desemba 17 hadi Januari 6, Mkristo asikosekane kanisani. Asijifiche nyumbani, asikimbilie shamba, asipande milimani. Ati asikimbilie shamba! Sisi na Desemba zetu za ocha tungeshikwa wote.

Karne iliyofuata, Perpetuus, askofu wa Tours huko Ufaransa, aliagiza watu wafunge siku tatu kila wiki kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, Novemba 11, mpaka Krisimasi. Miaka ya 580, mkutano wa maaskofu mjini Mâcon ukazitaja siku zenyewe: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Hapo ndipo tunaona mizizi ya Majilio, zile wiki nne za rangi ya zambarau ambazo Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wanazo hadi leo. Jina la Kilatini ni adventus, yaani kuja. Na si kuja kwa mtoto wa Bethlehemu tu. Kanisa lilisoma pia habari za Kristo kurudi kuhukumu. Kwa hivyo swali la Majilio halikuwa "umenunua nini?" Lilikuwa "akija leo, atakupata ukiwa vipi?"

Usidhani mfungo ulikuwa wa kujitesa tu. Papa Leo Mkuu, aliyeongoza kanisa la Roma kuanzia 440 hadi 461, alihubiri mara nyingi kuhusu mfungo wa Desemba. Huo ulihusu zaidi kumshukuru Mungu kwa mavuno, lakini hoja yake inatuhusu: chakula usichokula kimfikie maskini. Ukifunga halafu ukaweka hiyo pesa mfukoni, umefanya dayati.

Kama unaona haya ni mambo ya Wazungu wa kale, angalia jirani yetu Ethiopia. Waorthodoksi wa huko hufunga karibu siku 43 kabla ya Krisimasi yao, ambayo ni Januari 7. Hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna mayai. Wanauita mfungo wa manabii, kwa sababu manabii walingoja Masihi muda mrefu bila kumwona. Nyama ya sikukuu inaliwa na mtu aliyeikosa wiki sita. Hebu fikiria ladha yake.

Halafu kuna hadithi ninayoipenda zaidi. Hamburg, Ujerumani, mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa na makao ya watoto maskini aliyoyaanzisha mwaka wa 1833. Inasimuliwa kwamba watoto walikuwa wanamsumbua kila siku: Krisimasi ni lini? Mwaka wa 1839 akachukua gurudumu la mkokoteni, akaweka mishumaa midogo 20 ya siku za kawaida na mikubwa 4 ya Jumapili. Kila siku mmoja unawashwa. Lile taji la mishumaa minne unaloona kanisani Desemba lilitoka hapo, kwa watoto ambao hawakuwa na kitu ila kungoja.

Na hiyo ndiyo hoja yangu. Kizazi chetu kinajua kungoja: kungoja kazi, kungoja matokeo, kungoja simu ambayo haipigwi. Lakini tunaona kungoja ni hasara, kwa hivyo Desemba tunajaza kelele, tunakopa kwa simu, na Njaanuari inatukuta tukiwa watupu mfukoni na moyoni. Wakristo wa zamani waliona kungoja ni kazi yenyewe. Nafasi unayoiacha tumboni na kwenye ratiba ndiyo nafasi ya mgeni unayesema unamtarajia.

Hauhitaji askofu akupe amri. Chagua siku tatu kwa wiki, ruka lanchi, na hiyo pesa impatie mtu ambaye hana sapa. Mpigie yule ulimbloku, myamalize. Kila Jumapili washa mshumaa, zima simu dakika kumi, uombe. Haya yote ni bei rahisi kuliko nguo za Krisi.

Halafu tarehe 25 ikifika, kula chapo hadi ushibe. Utakuwa umeingoja kweli.

Wewe utaanza na gani?