Mkaja wa Mama: Historia Iliyofungwa Ndani ya Kitambaa



Posa ikishajibiwa, upande wa mume huletewa orodha yake. Mahari kwanza, nayo ni haki ya bibi harusi peke yake. Kisha yanafuata mambo ya mila: kilemba cha baba, mkaja wa mama, na kwa baadhi ya familia ubeleko. Zama hizi vyote vimekuwa bahasha. Noti zinahesabiwa, watu wanacheka, na hakuna anayeuliza kwa nini mama anapewa kitu kinachoitwa mkaja.

Mkaja ni kitambaa kirefu anachofungwa mzazi tumboni baada ya kujifungua. Ubeleko ni nguo ya kumbebea mtoto mgongoni. Maana yake ni kwamba siku ya kumtoa binti, mama analipwa heshima ya arobaini yake, yaani zile siku alizolala ndani na tumbo limefungwa kwa ajili ya huyu anayeolewa leo. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha Desturi za Waswahili kilichapwa Ujerumani mwaka 1903, alianza na mambo ya uzazi kabla ya kufika kwenye ndoa. Alijua mpangilio wake.

Bibi zetu walimtunza mzazi kwa mambo matatu: joto, mafuta na kufungwa. Asubuhi anakandwa kwa maji ya moto na mkunga au mtu mzima wa nyumba, anapakwa mafuta, anafungwa mkaja kwa kukazwa kuanzia chini ya kitovu, kisha anapewa uji wa pilipili manga au supu ya kuku iliyojaa tangawizi na samli. Chumba kinafukizwa udi. Hatoki, hapiki, hafui. Ukimwuliza bibi kwa nini, jibu ni moja: mzazi yuko wazi, baridi na upepo visimwingie.

Neno hilo "upepo" linatupeleka mbali kidogo. Katika Charaka Samhita, moja ya vitabu vikongwe vya tiba ya Kihindi inayoitwa Ayurveda, mna maelekezo ya kumtunza mwanamke aliyetoka kuzaa. Anyweshwe samli au mafuta yaliyochanganywa na unga wa pilipili ndefu, tangawizi na mizizi mingine mikali, kwa kadiri tumbo lake linavyoweza kusaga. Kisha tumbo lipakwe samli na mafuta na lizungushiwe kitambaa kikubwa kisafi, ili upepo usipate nafasi pale mtoto alipotoka. Upepo huo wao wanauita vata. Kitabu cha pili, Sushruta Samhita, kinahesabu muda wa uangalizi kuwa mwezi mmoja na nusu.

Joto, mafuta, kitambaa, mwezi na nusu. Si ungedhani wameandika habari za nyumba ya Mkunazini?

Tusikimbilie kusema kwamba bibi zetu walifundishwa na Wahindi. Wamalai hufunga tumbo kwa kitambaa wanachokiita bengkung, na wanawake wa Mexico hukaa siku arobaini zao na kufunga tumbo pia, na hao wa Mexico hawakuwahi kupanda jahazi la Kutch. Mwili wa mzazi unaomba msaada uleule popote, na wanawake wenye akili hufikia jibu linalofanana. Lakini vitu vinavyochemka ndani ya sufuria ya mzazi ni habari nyingine, kwa sababu hivyo vina njia inayofuatika.

Pilipili manga, kwa mfano. Manga ni Uarabuni, Omani na pande zake, lakini pilipili ile haikuota huko. Asili yake ni Malabar, kusini mwa India. Sisi tuliipa jina la watu waliotuletea. Tangawizi nayo imetoka Asia, na jina lake la Kiarabu, zanjabil, ambalo limo katika Sura ya 76 ya Qur'ani kama ladha ya kinywaji cha watu wa Peponi, limetokana na lugha za kale za India. Mdalasini, iliki, manjano, vyote vilikuja na upepo wa kaskazi. Hata karafuu tunayojivunia ni mgeni wa juzi tu: ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19 na Sayyid Said akaifanya kilimo kikubwa. Machimbo ya Unguja Ukuu, mji uliokuwepo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, yametoa mabaki ya mpunga wa Asia, kwa hiyo jikoni kwetu kumekuwa na vyakula vya ng'ambo kabla ya kuwepo msikiti mwingi tunaouita wa kale.

Elimu nayo ilisafiri, tena kupitia kwa Waislamu. Huko Baghdad katika zama za Bani Abbas, kitabu cha Sushruta kilitafsiriwa kwa Kiarabu kwa agizo la Yahya bin Khalid wa ukoo wa Barmak, waziri wa Khalifa Harun al-Rashid. Tabibu al-Tabari alipomaliza kitabu chake Firdaws al-Hikma mwaka 850, aliweka sehemu nzima ya mwisho kueleza tiba ya Wahindi. Wanazuoni hao hawakuona haya kuchukua dawa kwa wasiokuwa wa dini yao. Walichuja imani, wakabakisha mzizi na mafuta.

Na hapa kwetu wanawake hawakungoja vitabu. Wahindi wa Kutch na Gujarati walikaa Mji Mkongwe na wake zao, na mzazi wa Kigujarati hulishwa katlu, kitu kitamu cha samli, gundi ya mti na mchanganyiko wa viungo uitwao batrisu, yaani wa thelathini na mbili. Jirani akizaa, sahani inavuka kichochoro. Tajiri wao Tharia Topan ndiye aliyeanzisha mwaka 1887 ujenzi wa lile jengo la pale forodhani tunaloliita Dispensari ya Zamani, akikusudia liwe hospitali. Jengo linapigwa picha kila siku na wageni. Sahani zilizovuka vichochoro hazina picha.

Sasa arobaini yenyewe. Wengi wetu tunadhani ni amri, kwamba mzazi haswali mpaka siku arobaini zitimie. Sivyo. Imepokewa kutoka kwa Ummu Salama, radhi za Allah zimfikie, kwamba wanawake wa zama za Mtume, rehma na amani zimshukie, walikuwa wakikaa siku arobaini katika nifasi. Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wa visiwani tunayafuata, arobaini ni kawaida tu. Uchache wa nifasi hata kitambo kidogo, na wingi wake siku sitini. Damu ikikatika siku ya ishirini, unaoga na unaswali. Mapumziko yanaendelea, mkaja unaendelea, supu inaendelea, ila swala imesharudi. Kuna dada zetu wameacha swala za wiki tatu kwa kuchanganya mila ya kupumzika na hukumu ya tohara, na hakuna mtu mzima aliyewaambia.

Na mvuje je, ule anaofungwa mtoto mkononi? Mvuje ni utomvu mkali wa kupikia, Wahindi wanautia kwenye dengu. Kinga ni kwa Allah na dua zipo. Mvuje uacheni sufuriani.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni pakiti. Siku hizi kuna vidonge na unga vinauzwa kwa wazazi kwa jina la Ayurveda, bei juu, maandishi ya dhahabu, bila anwani ya kiwanda. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, watafiti walinunua bidhaa 70 za Ayurveda katika maduka ya eneo la Boston, Marekani, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Moja katika kila tano. Risasi ikiingia kwa mama anayenyonyesha hupita kwenye maziwa. Bibi zetu hawakununua pakiti. Walinunua tangawizi mbichi sokoni na wakaitwanga wenyewe, na mbora wa Ayurveda kwetu ni huo huo.

Hata vya jikoni vina adabu yake. Uwatu hushusha sukari, kwa hiyo mwenye kisukari au anayetumia dawa amuulize daktari kwanza. Mtoto asionjeshwe asali kabla ya mwaka mmoja. Aliyefanyiwa upasuaji asikandwe maji ya moto juu ya mshono wala asikazwe mkaja mpaka aliyemshona aruhusu. Jiko la mkaa lisiwekwe ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake unaua kimya kimya. Na mzazi akitokwa na damu ya kulowesha kitambaa baada ya kitambaa, akapata homa, kichwa kikali, uchafu wenye harufu, mguu mmoja kuvimba, au akawa analia mchana kutwa na hamtaki mtoto, hapo ni hospitali, usiku huo huo. Shirika la Afya Duniani linataka mzazi aonwe tena siku ya tatu, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne, na wiki ya sita. Wiki ya sita ni siku arobaini na mbili. Mzazi aliyetimiza arobaini anaweza kutoka ndani akaanzia kliniki.

Kwa bibi harusi: bahasha ya mkaja ikishafika kwa mama yako, mwombe akuonyeshe namna alivyofungwa yeye. Kanga mbili za pamba zilizofuliwa zikalainika zinatosha. Ulale chali, magoti juu, ufungwe kutoka chini kwenda juu, si juu kwenda chini, na kidole kimoja kiweze kupita baina ya nguo na ngozi.