Adui Mwenye Sura ya Jirani: Waskrull wa Katuni za Kimarekani, Watu-Simba wa Singida na Swali la Ushahidi

Makala haya yanachunguza historia ya wazo moja, yaani kwamba miongoni mwetu yumo adui aliyejivika sura ya mtu tunayemfahamu. Wazo hilo limeenea duniani kupitia Waskrull, viumbe wa sayari nyingine wanaojigeuza umbo katika hadithi za katuni za kampuni ya Marvel ya Marekani. Katika Tanganyika ya miaka ya 1940, wazo linalokaribiana nalo lilifikishwa mahakamani, na watu walinyongwa. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba hadithi na historia hazitofautiani hasa katika kuamini au kutoamini mageuzi ya umbo. Zinatofautiana katika ushahidi. Katuni humpa msomaji maiti inayosema kweli, ilhali historia haikuwahi kumpa mtu yeyote maiti ya namna hiyo.

Suala hili linatazamwa kutoka Mbulumbulu, wilayani Karatu. Eneo hilo liko juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, kati ya msitu wa Ngorongoro na genge linaloshuka kuelekea Ziwa Manyara. Mojawapo ya vijiji vyake huitwa Kambi ya Simba, na mipaka ya mashamba yake inapakana na makazi ya wanyama wakali. Kusini-magharibi, ng'ambo ya Ziwa Eyasi, iko nchi ya Singida. Wairaqw, ambao ndio wengi wa wakazi wa Mbulumbulu, wana koo kadhaa zinazosimulia asili yake kutoka kwa Waihanzu, Wanyaturu na Wadatoga. Kwa hiyo, habari za Singida hazikuwa habari za nchi ya mbali. Aidha, vijana wa leo wanawafahamu mashujaa wa Marvel kupitia simu na mabanda ya video, ambako filamu za kigeni zimezoeleka kusimuliwa upya kwa Kiswahili. Mkusanyiko huo wa hadithi umekwisha kufanyika vichwani mwao kabla mtafiti hajafika.

Kuzaliwa kwa Waskrull

Waskrull walionekana kwa mara ya kwanza katika toleo la pili la Fantastic Four, lenye tarehe ya Januari 1962, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby. Jambo linalosahauliwa mara nyingi kuhusu kisa hicho ni kwamba hakianzi kwa vita. Kinaanza kwa kashfa. Waskrull wanne wanajigeuza kuwa mashujaa wenyewe na kutenda uhalifu kwa sura zao: wanaangusha mtambo wa mafuta baharini, wanaiba kito, wanayeyusha sanamu na kuzima umeme wa jiji. Umma unawageukia mashujaa wa kweli, nao wanakamatwa na kufungwa. Silaha ya kwanza ya Mskrull, basi, ni kuifanya jamii imshtaki mtu asiye na hatia.

Si vigumu kuliona tukio hilo katika mazingira ya wakati wake. Marekani ilikuwa imepita katika miaka ambayo kamati za bunge ziliwahoji raia ili kuwabaini Wakomunisti waliojificha, na jirani, mwalimu au mwandishi wa filamu aliweza kupoteza kazi kwa tuhuma tu. Miaka kumi baadaye, katika mfululizo wa 1971 na 1972 uitwao Vita vya Wakree na Waskrull, mwandishi Roy Thomas alilirudia jambo hilo kwa ukali zaidi. Humo anatokea mwanasiasa aitwaye H. Warren Craddock, anayeongoza tume ya kuwasaka viumbe wa sayari nyingine na kuchochea hasira ya umma. Mwishoni inafichuka kwamba Craddock huyo ni Mskrull, na umati uliochochewa na hotuba zake unamuua kwa kipigo. Kwa maoni yangu, hicho ndicho kipande chenye maana kuliko vyote katika historia ndefu ya Waskrull, ingawa wapenzi wa katuni hukikumbuka zaidi kwa michoro ya vita vya angani.

Hata hivyo, kipande hicho nacho kinamwacha msomaji na faraja asiyostahili. Umati uliua bila hukumu, lakini uliua Mskrull kweli. Kanuni hiyo ilikamilishwa katika mfululizo wa Secret Invasion wa 2008, ulioandikwa na Brian Michael Bendis. Chanzo chake ni maiti: mtu aliyedhaniwa kuwa Elektra anauawa, na mwili wake unarudi katika umbo la Kiskrull, wenye ngozi ya kijani na kidevu chenye mifereji. Tangu hapo msomaji anajua kwamba kifo hakidanganyi. Anaweza kukosea kumshuku mtu huyu au yule, lakini mwishowe mwili utatoa jibu.

Singida, 1946 hadi 1948

Sasa tuitazame nchi isiyo na jibu la namna hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wilaya ya Singida ilikumbwa na mfululizo wa vifo miongoni mwa Wanyaturu. Maiti zilikutwa maporini zikiwa na majeraha yaliyofanana na ya makucha. Katika kipindi cha kati ya 1946 na 1948 idadi ilifikia makumi ya watu, serikali ya kikoloni ikaongeza polisi, na washtakiwa kadhaa wakahukumiwa kunyongwa. Tukio hilo liliingia katika maandishi ya Kiingereza kwa jina la watu-simba wa Singida, na likajadiliwa kwa miaka mingi. Mwanaanthropolojia Harold Schneider, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wanyaturu, alilifanyia tathmini upya katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1962.

Mbele ya maiti moja palikuwa na maelezo matatu yaliyowezekana. La kwanza, kwamba simba wa kawaida ameua. La pili, kwamba mtu amegeuka simba, au amemtuma simba kwa uchawi. La tatu, kwamba mtu amevaa ngozi, akatumia kisu na kuacha alama za kupotosha. Kila maelezo yalidai dawa yake. Simba wa kawaida hutafutwa kwa bunduki, mchawi hutafutwa kwa mganga, na muuaji hutafutwa kwa polisi. Kuchagua maelezo kulikuwa ni kuchagua nani atakayekufa baadaye.

Sheria ya kikoloni haikuwa na nafasi kwa maelezo ya pili. Sheria ya Uchawi ya 1928 iliwaadhibu watu kwa kujidai kuwa na nguvu za uchawi au kuwatuhumu wengine kuwa nazo, lakini haikukiri kwamba binadamu aweza kupata makucha. Hapo ndipo inapojitokeza kejeli ambayo haijatiliwa mkazo wa kutosha. Mwanakijiji aliyesema "simba yule ni mtu" na hakimu aliyeandika kwamba simba yule alikuwa mtu walitamka sentensi moja kwa maana mbili zinazopingana. Mmoja alimaanisha mageuzi, mwingine alimaanisha kinyago. Lakini sentensi hiyo moja ilitosha kumtoa mshtakiwa nyumbani kwake. Dola iliyojivunia kutoamini uchawi ilijikuta ikitegemea ushuhuda wa jamii iliyouamini, na makubaliano yao ya maneno yakachukua nafasi ya makubaliano ya mawazo.

Ukweli kwamba jambo hilo lingeweza kwenda njia nyingine unaonekana Njombe, katika nchi hiyo hiyo na karibu miaka hiyo hiyo. Huko simba walikuwa wakila watu tangu miaka ya 1930. Wenyeji wengi waliwahusisha na Matamula Mangera, aliyekuwa ameondolewa katika madaraka yake na akaaminika kuwatuma simba kulipiza kisasi. George Rushby, ofisa wa idara ya wanyamapori, alichagua maelezo ya kwanza. Aliwasaka simba kwa bunduki katika miaka ya 1946 na 1947, na vifo vikakoma. Masimulizi mengine yanadai kwamba vilikoma kwa sababu Mangera alirudishiwa cheo chake. Hata hapo, maiti za simba hazikummaliza mwenye shaka. Simba aliyekufa alibaki simba, na aliyeamini kuwa ametumwa hakulazimika kubadili mawazo, kwa kuwa simba wa kutumwa naye hufa kama simba.

Katuni inatofautiana na historia katika jambo hilo hasa. Mskrull akifa, ngozi huwa ya kijani. Mtuhumiwa wa Singida alipokufa alibaki kuwa mtu, na jambo hilo halikumwondolea tuhuma. Imani katika mageuzi ya umbo, ikikosa maiti inayobadilika, haiwezi kukanushwa na kitu chochote, na ndiyo maana ni hatari zaidi kwa mnyonge kuliko kwa mchawi wa kweli, kama yupo.

Haitakuwa haki kuifanya hofu hiyo kuwa upuuzi mtupu. Simba wanaua watu. Utafiti wa Craig Packer na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2005, ulionyesha kwamba tangu 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 308, hasa katika wilaya za kusini-mashariki. Mashambulizi yaliongezeka wakati wa mavuno, pale wakulima wanapolala mashambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, ambao nao huwavuta simba. Anayelala katika kibanda cha nyasi pembezoni mwa shamba hahitaji kufundishwa hofu. Kinachotakiwa kuchunguzwa ni hatua inayofuata, pale hofu ya mnyama inapotafuta jina la jirani. Katika wilaya ya Muidumbe, kaskazini mwa Msumbiji, mashambulizi ya simba ya 2002 na 2003 yalifuatiwa na mauaji ya watu waliotuhumiwa kuwatengeneza simba hao. Zanzibar, mwaka wa uchaguzi wa 1995, hofu ya Popobawa, jini lisemwalo kubadili umbo lake, ilisababisha umati kumuua mtu mwenye maradhi ya akili. Mwili wake haukugeuka popo.

Kubadilika bila uadui

Maelezo yaliyotangulia yanaweza kumfanya msomaji adhani kwamba jamii zetu zimeona katika kubadilika kwa mtu tishio tu. Mbulumbulu inatoa picha tofauti. Wairaqw waliingia eneo hilo katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wakitokea milima ya Irqwa Da'aw, katika ardhi iliyokuwa ya malisho ya Wamaasai na Wadatoga. Uenezi wao haukuwa wa kuhama peke yake. Ulikuwa pia wa kupokea. Wageni waliokaa, wakalima na kuzungumza Kiiraqw walihesabiwa kuwa Wairaqw baada ya vizazi vichache, bila ya koo zao kuficha zilikotoka. Katika hali kama hiyo, swali la "umbo la kweli" lililojificha chini ya sura ya jirani linapoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kwani asili ya jirani inajulikana na kusimuliwa hadharani.

Hii haina maana kwamba hapakuwa na kutengwa. Wairaqw walikuwa na desturi ya metimani, ambapo mtu au kaya iliyopatwa na unajisi, mathalani kutokana na kifo, ilikaa mbali na wengine, haikushirikiana nao chakula wala kazi. Desturi hiyo ilikuwa nzito na mara nyingine ya kuumiza. Lakini ilikuwa na muda wake, na muda ukiisha mtu alirudi. Unajisi ulikuwa hali iliyompata mtu, wala haukuwa siri ya maumbile yake. Watu-simba wa Singida na Waskrull wa 1962 hawakupewa mlango kama huo.

Katuni na filamu za karibuni zimeanza kuutafuta. Katika filamu ya Captain Marvel ya 2019, Waskrull wanaonekana kuwa wakimbizi waliopoteza sayari yao na kusingiziwa na Wakree waliowafukuza. Tamthilia ya Secret Invasion ya 2023 inaendelea hapo: wameahidiwa makao mapya, ahadi haikutimizwa, na baadhi yao wanakata tamaa na kuchukua silaha. Tamthilia hiyo ina udhaifu mwingi wa kisanaa, lakini swali lake la ardhi na ahadi linaeleweka bila mfasiri katika nchi inayopakana na Ngorongoro.

Limebaki jambo moja la toleo lile la 1962. Baada ya kuwashinda Waskrull, mashujaa hawakuwaua watatu kati yao. Waliwaamuru wajigeuze ng'ombe, wakawatia usingizi wa akili wasahau walivyo, na kuwaacha malishoni. Waandishi wa baadaye hawakuweza kuliacha jambo hilo lipite. Mwaka 1983 John Byrne alisimulia habari za mji ambao wakazi wake walikunywa maziwa ya ng'ombe hao na wakaanza kubadilika maumbo wao wenyewe. Mwaka 1995 hadithi nyingine ikawahusu watu waliokula nyama yao. Kwa mfugaji wa Mbulumbulu, anayemjua kila ng'ombe kwa rangi yake na kwa mama yake, kisa kizima kingekwama mwanzoni kabisa: ng'ombe watatu wasio na mwenyewe wameonekana malishoni, na hakuna aliyeuliza wametoka zizi la nani.