Vifaa vya kuvaliwa vya kupimia matiti
Ni vifaa vinavyobandikwa kifuani au kutiwa ndani ya sidiria ili kutafuta mapema dalili za saratani ya matiti. Baadhi hupima joto la ngozi, njia ambayo mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya kuwa haichukui nafasi ya mamografia (picha ya eksirei ya matiti). Vinavyotia matumaini zaidi hutumia mawimbi ya sauti. Mwaka 2023 Canan Dağdeviren na wenzake wa MIT, Marekani, walitangaza kiraka chenye matundu kama sega la nyuki, kinachoshikizwa kwenye sidiria kwa sumaku, ambacho kiliweza kuonyesha uvimbe maji wa milimita 3.

Lakini Dar es Salaam, Tanzania, kipimo kinachomfikia kwanza mwanamke wa Mbagala au Bunju bado ni mkono: wake mwenyewe akijichunguza nyumbani, kisha wa mhudumu wa zahanati. Kikipatikana kivimbe, huanza safari ya rufaa, kwa kawaida kupitia hospitali ya Temeke au Mwananyamala, hadi Hospitali ya Taifa ya Muhimbili au Taasisi ya Saratani Ocean Road. MEWATA, chama cha madaktari wanawake, kilianza kampeni za uchunguzi wa matiti mwaka 2005. Hata hivyo wagonjwa wengi nchini hugundulika wakiwa hatua ya tatu au ya nne. Kiraka, hata kikiuzwa sokoni Kariakoo kesho, hakithibitishi saratani: lazima kipande kidogo cha kivimbe kichukuliwe na kusomwa maabara.